Madai ya Fidia kwa Kasoro za Barabara na Njia za Waenda kwa Miguu: Maelezo kwa Wakazi wa Arusha na Meru

Wananchi na watumishi wa umma wanafahamishwa utaratibu unaotumika pale mtu anapoumia, au chombo chake kinapoharibika, kwa sababu ya ubovu wa barabara, mtaro, kalavati au njia ya waenda kwa miguu. Maelezo haya yanahusu Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria zake katika jambo hili.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba dai la aina hii linaweza kuanguka hata kama shimo lilikuwapo na mtaa mzima ulilijua. Linaanguka kwa sababu barua ilipelekwa kwenye ofisi isiyohusika, au ilipelekwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni lile ambalo mtu mwenye maumivu hupenda kuliacha mwisho: barabara hiyo iko chini ya nani?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na mlalamikaji alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mwaka 2017 Serikali ilianzisha Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ambao ulianza kazi mwezi Julai mwaka huo na kuchukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri nchini kote. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS) tangu mwaka 2000. Hivyo aliyepata ajali kwenye barabara ya kwenda Moshi, ya Namanga, au ya Makuyuni anahusika na Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Aliyetumbukia mtaroni katika mitaa ya ndani ya Kaloleni au Sombetini, kwa kawaida, anahusika na TARURA. Halmashauri yenyewe inabaki na wajibu katika maeneo inayoyamiliki na kuyaendesha, kama vile masoko na stendi.

Hata pale halmashauri inapohusika, lazima ijulikane ni ipi. Kuuzunguka mlima ziko tatu: Halmashauri ya Jiji, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru, ambayo makao yake ni Usa River. Mtu anayeteremka kwa miguu kutoka Ilboru kuelekea katikati ya mji huvuka mpaka bila kuona alama yoyote. Mtendaji wa Kata anaweza kumsaidia kujua yuko upande gani, na ofisi za wakala hizo mbili zina orodha ya barabara zinazozihudumia. Inafaa kuuliza kabla ya kuandika.

Jambo la pili linahitaji subira, kwa kuwa ndilo lenye utata. Sheria iliyopokelewa Tanganyika kutoka Uingereza ni ile iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Kwa kanuni za Uingereza za wakati huo, mamlaka ya barabara haikulipa fidia kwa kosa la kutokarabati tu. Ililipa pale ilipofanya kazi na kuifanya vibaya. Waingereza wenyewe waliiondoa kinga hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, lakini sheria hiyo ya baadaye haikuja huku. Hatusemi kwamba kila mahakama itaikubali hoja hiyo leo. Tunasema kwamba wakili wa upande wa pili anaweza kuitoa, na mdai asishangae akiisikia.

Kwa hiyo iko tofauti kubwa kati ya barabara ya udongo iliyomomonyoka kwa mvua za masika, na handaki lililochimbwa kwa ajili ya bomba kisha likaachwa wazi usiku bila uzio wala taa. La pili ni tendo la mtu. Mdai aeleze kilichofanyika: nani alichimba, lini, ni kampuni gani ya ukandarasi ilionekana pale, na kama palikuwa na kibao chochote cha tahadhari. Ikiwa aliyechimba ni mamlaka ya maji au mkandarasi, huyo naye atajwe katika dai, kwa maana wakala wa barabara unaweza kusema kwamba haukuwa na jembe wala sururu mahali hapo.

Mifuniko ya mitaro ni mfano mgumu zaidi. Vyuma huibwa na kuuzwa kama chakavu, na mamlaka itajibu kwamba mwizi si mtumishi wake. Jibu hilo lina uzito siku ya kwanza. Linapungua uzito baada ya mwezi, ikiwa Mwenyekiti wa Mtaa alikwisha kuandika barua na barua ikapokelewa. Ndiyo sababu wakazi wanashauriwa kutoa taarifa ya kasoro mapema, kabla hajaumia mtu, na kubaki na nakala yenye muhuri wa tarehe. Barua ya jirani iliyoandikwa mwezi Februari inaweza kuwa ushahidi bora kuliko picha iliyopigwa siku ya ajali mwezi Aprili.

Kuhusu hati ya kusudio la kushitaki, historia yake ina fungu la Arusha. Awali Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, kama ilivyorekebishwa mwaka 1974, ilimtaka mwananchi aombe idhini ya Waziri kabla ya kuishitaki Serikali. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyosikilizwa hapa Arusha na kuripotiwa mwaka 1993, ilitamka kwamba sharti hilo lilikuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1994 Bunge liliifuta idhini na kubakiza taarifa ya siku 90.

Taarifa hiyo sasa inazihusu pia halmashauri na wakala za Serikali, kufuatia Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2020. Inaandikwa kwa taasisi inayodaiwa, na nakala hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Zisipopita siku 90, shauri halisikilizwi. Zikipita bila maafikiano, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, katika masjala ya eneo ambako dai lilizuka, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Asipounganishwa, shauri zima linabatilika. Taarifa na hati za mashauri zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mahakama tangu marekebisho ya mwaka 2021.

Msomaji ataona mara moja tatizo lililomo. Mwenye bodaboda aliyepinda rimu hawezi kwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya rimu. Kwake yeye siku 90 ndizo nafasi yake ya pekee ya kweli, na barua iandikwe vizuri: tarehe na saa, mahali panapotambulika, kasoro ilivyokuwa, madhara, kiasi kinachodaiwa pamoja na stakabadhi za matengenezo na za hospitali, na majina ya walioshuhudia. Aliyeumia apate fomu ya polisi PF3 siku ileile. Ikiwa ni ajali ya gari, mchoro wa askari wa usalama barabarani una thamani kubwa. Picha zipigwe kabla shimo halijafukiwa, zikiwa na kitu cha kupimia kina chake. Ikiwa mdai mwenyewe alikwenda mwendo wa kasi au bila taa, fidia inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya uzembe wake. Ikiwa aliyepata ajali amefariki, wanaomtegemea nao wana haki ya kudai.

Muda unastahili kutajwa peke yake. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya uzembe wa kawaida yana miaka 3. Lakini madai ya fidia kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa yana mwaka 1 tu. Na mamlaka za barabara hufanya karibu kazi zao zote kwa nguvu ya sheria iliyoandikwa. Mdai mwenye busara ahesabu mwaka mmoja tangu siku ya ajali, na taarifa yake iwe imepokelewa ndani ya miezi michache ya mwanzo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaona watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Watumishi wa masjala katika ofisi zote zinazohusika wanakumbushwa kwamba barua ya mwananchi iliyofika kwenye ofisi isiyo yake isirudishwe kwa mdomo. Ipokelewe, igongwe muhuri, ipelekwe kwenye ofisi inayohusika, na mwenye barua aelezwe kwa maandishi imepelekwa wapi na lini.