Dishi Litazamalo Utosi wa Mbingu

Je, wajua kwa nini madishi ya Dodoma hayaelekei upande mmoja? Yale ya wateja wa Azam TV yametazama magharibi, kwa kuwa setilaiti yao imekaa juu ya Ikweta katika nyuzi 7 mashariki. Ama yale ya wateja wa DStv, hayo yamelala karibu chali kama ungo ulioanikwa juani, hata mgeni ayaonaye juu ya mabati ya Chang'ombe au Nkuhungu hudhani kuwa upepo wa kiangazi umeyaangusha. Hayakuanguka. Setilaiti yao iko nyuzi 36 mashariki, na Dodoma yenyewe iko karibu sana na longitudo hiyo, kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 6 tu na kitu, kwa hiyo setilaiti hiyo imesimama karibu utosini mwa mji, nyuzi zipatazo 83 juu ya upeo wa macho, katika ule mduara wa kilomita 35,786 juu ya Ikweta ambao Arthur C. Clarke aliueleza mwaka 1945, kabla binadamu hajarusha hata setilaiti moja.

Naandika habari za chombo hiki kwa sababu siku hizi kinatajwa kwa dharau. Tangu Netflix ilipofunguliwa kwa Afrika mnamo Januari 2016, na tangu televisheni janja na simu zilipoanza kutazamiwa mpira na tamthilia kwa bando, imeenea dhana ya kwamba dishi ni mabaki ya zama zilizopita, na kwamba nyumba iliyostaarabika haina budi kuling'oa. Sina ugomvi na atazamaye kwa mtandao, maana huchagua akitakacho kwa saa aitakayo, na hiyo ni neema. Lakini kuliita mabaki dishi lililo kazini bado, tena kwa ustadi, ni dhulma.

Umbo la dishi lina nasaba ya kale. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya 10, aliandika risala juu ya vioo viunguzavyo, akathibitisha kwa hesabu kuwa kioo chenye mpindo wa parabola hukusanya miale ya jua mahali pamoja hata ikatia moto. Dishi lina mpindo huo huo, nalo halibagui baina ya nuru na mawimbi ya redio, ila limepakwa rangi isiyong'aa ili nuru itawanyike na joto lisikiunguze kile kichwa kidogo kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kichwa hicho hupokea mawimbi ya gigahezi 11 au 12 yaliyokwisha kudhoofika kwa safari ndefu, huyakuza, kisha huyashusha hadi gigahezi 2 au chini yake, kwa sababu waya ushukao mpaka kwenye king'amuzi ungeyapoteza njiani lau yangepitishwa katika hali yake ya asili.

Na hapa ndipo penye ajabu ambayo watazamaji wengi huipata bila ya kuitambua. Mara mbili kwa mwaka, siku chache baada ya tarehe 20 Machi na tena kuelekea tarehe 20 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, likitazamwa kutoka Dodoma. Jua nalo hutoa mawimbi ya redio, na dishi, kwa kuwa limeelekezwa papo hapo, huyakusanya yote na kuyamimina ndani ya LNB, hata sauti ndogo ya setilaiti, itumwayo kwa wati mia na kitu tu, ikazama katika kelele hiyo. Kwa dishi la nyuzi 36 hutokea yapata saa sita na nusu mchana. Kwa lile la magharibi hutokea karibu na saa tisa. Picha hukwaruza, hukatika, na kioo huandika kuwa hakuna mawimbi. Wangapi huita fundi, fundi akapanda juu ya paa, akalegeza nati, akaligeuza dishi lililokuwa sawasawa, ilhali kama wangengoja dakika chache picha ingerudi yenyewe! Fundi mwerevu hufanya kinyume: katika dakika hizo hizo hulimwagia dishi maji kidogo ili ling'ae, akatazama mng'ao wa jua unatua wapi; ukitua usoni mwa LNB, dishi limenyooka.

Adui mwingine wa dishi ni mvua kubwa, kwa kuwa matone yake hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Walakini uwanda wa kati wa Ugogo, ilipo Dodoma, hupata mvua haba, kama milimita 570 kwa mwaka, nazo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobakia mbingu ya Ugogo ni kavu na safi, neema kwa dishi kuliko pwani au Bukoba.

Sasa tupime gharama. Mwali mmoja wa setilaiti huhudumia nyumba moja au nyumba milioni bila ya kuongezeka hata wati moja, ama mtandaoni kila mtazamaji huchotewa fungu lake peke yake, na picha safi hula kama GB 3 kwa saa. Mechi ya Simba na Yanga, pamoja na mapumziko, yakaribia GB 6 kwa kila kioo. Kibanda umiza cha Bahi au Mvumi huionyesha kwa watu tele kwa dishi moja, tena safari ya mawimbi ya kwenda na kurudi mbinguni huchukua robo sekunde hivi tu, na mwenye bando husikia majirani wakishangilia kabla hajauona mpira ukivuka mstari. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya. Mawimbi ya dishi, yasiyopita baharini, hayakuguswa.

Linaloniudhi ni taka. Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine mwaka uliofuata, nyumba zimerundika ving'amuzi ambavyo kila kimoja kimefungwa kwa kampuni yake, hata mteja akihama, kile cha awali huwa kopo tupu lenye bodi ya elektroniki. Kuviruhusu ving'amuzi vipokee kampuni zaidi ya moja ni jambo liwezekanalo kiufundi, na mamlaka zingelifaa kulishurutisha tangu mwanzo, kabla vijiti vya kutazamia mtandao havijaja kuongeza rundo hilo.

Ama dishi lililokwisha kung'olewa, lisitupwe: likibandikwa karatasi ya fedha huwa jiko la jua, na kwa jua la Dodoma sufuria huchemka; pia hufaa kunasia mtandao wa mbali, kuanikia mboga na kufunikia tenga la vifaranga, na hata likiwa chuma chakavu hununuliwa kwa kilo.