Ndege, Maua na Tauni: Juu ya Utulivu Katika Uumbaji Wakati wa Gonjwa la Mlipuko

Tangu tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima, hata tarehe 5 Mei 2023 lilipoiondoa hali ya dharura, watumishi wa Neno waliulizwa swali moja kwa namna nyingi: mtu afanye nini na hofu isiyomwacha alale? Wengi walijibu kwa Mathayo 6:25-34. Wengine waliwashauri washarika watoke nje, watembee mashambani, waitazame milima na miti. Mashauri haya mawili yana undugu, kwa kuwa katika fungu hilo Bwana mwenyewe anawapeleka wasikilizaji wake kwa ndege na kwa maua. Lakini yakitolewa bila kupimwa yaweza kumwumiza yule yule anayekusudiwa kufarijiwa. Kusudi la makala hii ni kueleza fungu hilo linadai nini hasa, na jinsi Martin Luther alivyoishi nalo katika tauni ya Wittenberg ya mwaka 1527.

Tuanze na maneno. Kitenzi cha Kiyunani merimnaō, ambacho Biblia ya Kiswahili imekitafsiri kwa "kusumbukia", hakikatazi kazi wala mipango. Kinataja fikra inayovutwa huku na huku, inayolala na kesho na kuamka na kesho. Dhidi yake zimewekwa amri mbili za macho. Kuhusu ndege, emblepsate: kazeni macho, mtazame. Kuhusu maua, katamathete: kitenzi kisichoonekana mahali pengine popote katika Agano Jipya, nacho kina shina moja na neno mathētēs, yaani mwanafunzi. Maana yake ni kujifunza jambo mpaka likueleee sawasawa. Basi ua halikuwekwa pale litupumbaze kwa uzuri wake. Limewekwa kama mwalimu mbele ya darasa. Luther, katika mahubiri yake juu ya Mathayo 5-7 yaliyochapishwa mwaka 1532, alilishika jambo hili kwa furaha na hata kwa mzaha. Aliwaita ndege walimu na wahubiri wetu, akaona ni aibu kwetu kwamba shomoro mnyonge amekuwa mwanatheolojia wa kuwafundisha wenye hekima.

Tena Bwana hasemi kwamba dunia ni mahali salama. Majani ya kondeni yapo leo na kesho yanatupwa tanurini. Katika nchi ile yenye kuni chache, majani makavu yalitumika kuokea mikate. Shomoro naye huanguka chini (Mt 10:29). Na fungu lenyewe linakwisha kwa kukiri kwamba kila siku ina taabu yake. Mhubiri anayeyasoma maua bila tanuri amesoma nusu tu.

Nionavyo, hapo ndipo mahubiri mengi ya wakati wa korona yalipoteleza. Kirusi nacho ni sehemu ya maumbile. Mwaka ule ule wa 2020 nzige wa jangwani walikula mazao na malisho katika Kenya, Ethiopia na Somalia. Mkulima aliyeambiwa apate utulivu kwa kulitazama shamba lake alilitazama, akaona humo ada ya shule na deni la mbegu. Kwa mtu wa mjini shamba laweza kuwa pumziko. Kwa mwenye kulilima ndilo chanzo cha masumbuko yenyewe. Uumbaji peke yake hausemi kwa sauti moja, na Luther alikuwa amekwisha kulitambua hili huko Heidelberg mwaka 1518, alipokataa kumwita mwanatheolojia mtu adhaniaye kwamba aweza kuyafahamu mambo ya Mungu yasiyoonekana kwa kuvitazama vilivyoumbwa. Mungu, alisema, hujulikana katika mateso na msalaba. Ndege wanahubiri kwa sababu moja tu, iliyomo katika mstari wa 32: yuko Baba ajuaye. Asiyelisikia neno hilo atawaona ndege wakila, naye atabaki na njaa yake.

Sasa tuitazame Wittenberg. Mwezi wa Julai 1527 Luther aliugua ghafula, akazimia, na kwa miezi kadhaa akasongwa na majaribu ya roho. Mwezi wa Agosti tauni iliingia mjini. Mtawala wa Saxony, Johann, alimwamuru aondoke na jamaa yake waende Jena, ambako chuo kikuu kilihamishiwa. Luther alikaa, pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen. Nyumba yake iligeuka kuwa mahali pa kuuguzia. Mkewe, Katharina, alikuwa mjamzito. Binti yao Elisabeth alizaliwa Desemba mwaka huo, naye hakufikisha mwaka mmoja. Katika hali hiyo Luther alimwandikia Johann Hess wa Breslau jibu la swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Kwa kifupi, wenye wajibu kwa wengine wasiwaache. Wengine wana ruhusa kuondoka. Na wote watumie dawa, wafukize nyumba, wala wasiende mahali ambapo hawahitajiki. Anayezidharau tahadhari hizo anamjaribu Mungu. Utulivu wa Mathayo 6, kwa mafundisho hayo, unakaa nyumba moja na kunawa mikono.

Na bustani? Katika miaka hiyo hiyo Luther alikuwa amepanda bustani na kuchimba kisima kwenye jengo la zamani la watawa alilokuwa akiishi, na alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link wa Nürnberg amletee mbegu. Ingefaa tuliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu ni la mtu aliyeujua woga. Hakwenda bustanini kukimbia wagonjwa. Wala hakuusifu upweke: katika barua yake ya mwaka 1530 kwa Hieronymus Weller, aliyesumbuliwa na huzuni nzito, alimwonya asikae peke yake, bali atafute watu, acheke nao. Wakati huo Luther mwenyewe alikuwa katika ngome ya Coburg, mbali na nyumbani, akisumbuliwa na maumivu ya kichwa. Huko ndiko alikopata habari za kifo cha baba yake. Lakini mwezi wa Aprili alikuwa amewaandikia wenzake waliokula naye mezani kwamba chini ya dirisha lake ndege wa jamii ya kunguru wanafanya bunge lao, kelele mchana kutwa, kana kwamba wanashindana na wakuu waliokuwa wakienda kukutana Augsburg. Luka 12:24, ikumbukwe, hautaji ndege kwa jumla, bali kunguru.

Wataalamu wa siku zetu wameyachunguza mambo haya kwa njia yao. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Rachel na Stephen Kaplan walieleza mwaka 1989 kwamba akili ina usikivu unaolazimishwa, ambao huchoka, na mwingine unaovutwa bila jitihada, kama mtu atazamapo maji au majani yakitikisika. Huu wa pili huupumzisha ule wa kwanza. Maelezo haya hayapingani na fungu letu. Mtu mwenye masumbuko amechoka kwanza, na mchungaji afaa kujua hivyo kabla hajaikemea imani yake. Malaika alimpa Eliya usingizi na mkate chini ya mretemu kabla ya neno lolote la Horebu (1 Fal 19).

Jambo la mwisho linapatikana mwishoni mwa waraka ule kwa Hess, na mara nyingi husahauliwa. Luther analalamika kwamba makaburi ya Wittenberg yako katikati ya mji, watu na mifugo wanapita juu yake kama sokoni. Anataka wafu wazikwe nje ya mji, kwa ajili ya afya, akiwaacha matabibu waamue kuhusu mvuke wa makaburi. Lakini pia kwa sababu makaburi yafaa yawe mahali pa kimya, mtu aweze kwenda kutafakari kifo na ufufuo na kuomba. Anakumbusha kwamba kaburi la Bwana lilikuwa nje ya mji. Yohana anaongeza kwamba lilikuwa bustanini (Yn 19:41). Kwetu, katika miteremko ya Kilimanjaro, familia nyingi huzika ndani ya kihamba, kati ya migomba na kahawa. Waliozikwa wakati wa korona, mara nyingi mbele ya watu wachache sana, wamelala humo. Na mjane akipalilia, anapalilia kando yao. Mchungaji akimtembelea huko, heri asiharakishe kufungua kitabu. Na aketi kwenye kigoda, amwache asimulie mgomba upi umezaa, na nani alikuwa ameupanda.