Je, Wajua? Mji Ulioanguka, Watu Wakasalimika

Tarehe 30 Oktoba 2016, saa 1:40 asubuhi, mji wa Norcia, katika milima ya Italia, ulipigwa na tetemeko la kipimo cha 6.5. Italia haikuwa imeona kubwa kama hilo tangu 1980. Hakuna aliyeuawa na kifusi!

• Siku 4 kabla, matetemeko mengine yalikuwa yamewatoa wengi majumbani. Kuta nyingi pia zilikuwa zimeimarishwa baada ya matetemeko ya zamani.

• Kanisa la Mtakatifu Benedikto, mzaliwa wa mji huo, liliporomoka. Ulibaki hasa ukuta wa mbele: mlango, dirisha la duara, na anga tupu nyuma yake.

• Mji wa Amatrice haukubahatika hivyo. Agosti 24 mwaka huohuo, tetemeko dogo zaidi liliwakuta watu usingizini. Eneo zima lilipoteza karibu watu 300. Saa ya mnara wa mji ilisimama muda mfupi baada ya saa 9:30 usiku.

• Ubavuni mwa mlima Vettore, karibu na Norcia, ardhi ilishuka karibu mita 2 katika tetemeko la Oktoba, ikaacha mstari mweupe wa mwamba. Chini yake, katika uwanda wa Castelluccio, wakulima walirudi na matrekta mwaka 2017. Wakapanda dengu zao.