SS SI YA MIFUPA TU: INAFIKA MACHONI NA KWENYE UBONGO



Katika toleo hili, sisi wasimamizi wa wanafunzi tumechagua kueleza ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Ingia darasa lolote, uliza SS ni nini. Watakujibu: ni ile inauma mifupa na kumaliza damu. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu. Nusu ingine inatuhusu sana sisi watu wa masomo. Ugonjwa huo unaweza kuharibu macho na ubongo wa mtu angali kijana, mara nyingi pasipo maumivu yoyote. Na sisi tunaokaa naye kwenye benchi moja tunasema: huyu ni mvivu, ao amerogwa.

1. Magonjwa ya kurithi na jicho

Kuna magonjwa mengi ambayo mtoto anazaliwa nayo sababu baba na mama wamempa pasipo kujua. Mengi kati yake ni ya nadra sana. Kwa mfano, kuna ugonjwa uliopewa jina la muganga Wilson, aliyeueleza huko London mwaka wa 1912. Madini ya shaba yanabaki mwilini, yanaharibu ini na ubongo, mikono inatetemeka, na kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho kunatokea pete ya rangi ya udongo. Kuna mwingine unaoitwa Fabry, uliojulikana tangu mwaka wa 1898. Huo unagusa mishipa ya fahamu, mgonjwa anasikia mikono na miguu inawaka kama moto, na kwenye kioo cha jicho inatokea mistari inayozunguka.

Juu gani waganga wanapenda kutazama ndani ya jicho? Kwa sababu hapo ndipo wanaona mishipa ya damu na mwanzo wa mshipa mkubwa wa fahamu pasipo kupasua mtu. Ugonjwa ulioenea mwili mzima, jicho linaweza kuutangaza.

Hayo ya Wilson na Fabry, muganga anaweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kukutana na mgonjwa hata mmoja. Lakini SS kwetu si ya nadra. Inchi yetu ya Kongo ni moja ya inchi tatu duniani ambamo watoto wengi kupita wanazaliwa nayo, pamoja na Nigeria na India.

2. Inatoka wapi?

Jina lake la kitabu ni drepanositozi. Tanzania wanasema selimundu, maana chembe za damu zinapinda kama mundu wa kukata majani. Muganga Herrick wa Chicago alikuwa wa kwanza kuiandika vizuri, mwaka wa 1910. Mgonjwa wake alikuwa mwanafunzi kama sisi, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea uganga wa meno.

Ndani ya chembe nyekundu mna hemoglobini, ile inayobeba hewa safi ya oksijeni. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram aliona tofauti yenyewe: katika mnyororo mrefu wa hemoglobini, kipande kimoja tu kimebadilishwa. Kosa dogo namna hiyo! Lakini linatosha. Chembe ikikosa oksijeni, hemoglobini inajipanga kama fimbo, chembe inakuwa ngumu na kupinda, nayo inakwama katika mishipa midogo. Chembe ya kawaida inaishi siku 120. Ya SS inaishi siku 10 mpaka 20 hivi. Ndiyo maana damu inapunguka, na ndiyo maana kunakuwa krizi ya maumivu.

Herufi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye AA hana kitu. Mwenye AS amepokea S upande mmoja. Yeye si mgonjwa, na hatageuka kuwa SS hata akizeeka. Mwenye SS amepokea S pande zote mbili. Kama baba ni AS na mama ni AS, kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto SS. Tuangalie vizuri hapa: si kusema kama mtoto wa kwanza ni SS basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kila mimba inaanza hesabu upya. Tena mama peke yake hawezi kuleta SS. Wale wanaofukuza bibi kwa kuwa "amezaa watoto wa magonjwa," hesabu yenyewe inawakatalia.

Sasa, juu gani S imebaki kwa wingi kwetu Afrika? Mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS anakingwa kwa sehemu na malaria kali. Pale malaria inapoua watoto wengi, watoto AS wanapona kupita wengine na kuzaa. Huko Uganda, upande wa pili wa mto Semliki, kati ya Waamba, watafiti Lehmann na Raper walikuta karibu watu 4 kati ya 10 wana S. Kwa hiyo tunaelewa namna gani inchi za joto na mbu wengi zina AS wengi kupita inchi za milima na baridi. Lakini mtu wa milima ya Masisi asiseme haimhusu. Watu wanahama, vita imewachanganya, watu wanaoana. Na huyo AS aliyekingwa na malaria si sawa na SS: malaria ikimshika mwenye SS, ni hatari kubwa kabisa.

3. Machoni inafanya nini?

Kwanza tuondoe kosa moja. Macho ya manjano ya mwenye SS yanatoka kwa chembe nyekundu zinazovunjika haraka. Hayaambukizi. Hakuna sababu ya kukataa kula naye sahani moja.

Ubaya wenyewe uko nyuma, kwenye retina, ukuta wa ndani unaopokea picha. Mishipa ya pembeni mwa retina ni midogo sana, chembe zilizopinda zinaiziba. Sehemu ile inakosa oksijeni, na mwili unajaribu kujisaidia kwa kuotesha mishipa mipya. Lakini mishipa hiyo mipya ni dhaifu, inavuja damu ndani ya jicho, na inaweza kuvuta retina mpaka ipasuke ao ibanduke. Wakati huu wote mgonjwa hasikii maumivu. Anaweza kusoma ubao vizuri mpaka siku damu inapovuja. Halafu anaona vidoadoa vyeusi vinaelea, ao utando kama wa buibui, ao kivuli kinashuka kama pazia. Mara chache mshipa mkubwa wa retina unazibwa, na jicho linazimika ghafla.

Njo maana waganga wanashauri kwamba tangu miaka 10 mwenye SS apimwe retina kila mwaka ao kila miaka miwili, hata kama anasema anaona vizuri. Wakikuta mishipa ile mipya mapema, wanaweza kuizuia kwa mwali wa laza. Muganga wa macho hayuko kila mahali, tunajua. Kwa wengi wetu safari ni mpaka Goma ao Bukavu. Lakini mzazi anayeenda huko kwa shuguli ingine, ajue kwamba hilo nalo ni la kuulizia.

4. Kwenye ubongo na mishipa ya fahamu

Chembe hizo zinaharibu na kuziba hata mishipa ya ubongo. Mtoto mdogo anapata kiharusi, ile watu wanaita AVC, tuliyozoea kuiona kwa wazee. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ulioandikwa mwaka wa 1998 na muganga Ohene-Frempong wa Ghana na wenzake, ulionyesha kwamba karibu wenye SS 11 kati ya 100 wanapata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20, kama hawakukingwa. Na aliyekwisha kupata kimoja, hatari ya kupata kingine ni kubwa.

Alama zake: mdomo unakwenda upande mmoja, mkono ao mguu mmoja unakosa nguvu, maneno hayatoki vizuri, ao degedege. Tena kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui: wakati wa krizi, mfupa wa taya unaweza kubana mshipa wa fahamu, na kidevu kinakufa ganzi.

Lakini kuna kiharusi kingine, cha kimya. Sehemu ndogo ya ubongo inakufa, mkono haupoozi, mdomo haupindi, hakuna anayejua. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 3 wenye SS anakipata kabla ya kumaliza utoto wake. Kinachoonekana ni nini? Anasahau mapema. Anaandika polepole. Hawezi kufuata somo refu. Mwanafunzi aliyekuwa wa 3 anakuwa wa 28, na sisi tunacheka. Walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: kama mwenye SS anaanguka pointi pasipo sababu, kabla ya kumwadhibu aitwe mzazi, wazungumze juu ya hospitali. Si kila kuanguka kunatoka kwa ubongo. Mtoto aliyelala hospitali wiki tatu amekosa masomo, na damu kidogo inaleta uchovu. Lakini yote matatu si uvivu.

5. Mwenye AS naye asikilize

Tumesema AS si mgonjwa. Lakini kuna siku moja anapaswa kukumbuka herufi yake: siku amepigwa jichoni, kwa mpira, kwa jiwe, kwa ngumi. Damu ikivuja mbele ya jicho, chembe za AS nazo zinaweza kupinda hapo, zinaziba mfereji unaotoa maji ya jicho, presha inapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa. Hata dawa fulani za kushusha presha ya jicho zinaweza kuzidisha ubaya kwa mwenye S. Kwa hiyo, ukipigwa jichoni na kuona damu, nenda kituo cha afya siku ile ile, na useme: "Mimi ni AS." Neno hilo linaweza kuokoa jicho.

6. Dawa iko?

Kuna matibabu mapya ya kubadilisha urithi wenyewe, yaliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2023. Bei yake huko Marekani inapita milioni 2 za dola, basi tuyaache kwanza.

Iliyo karibu nasi ni hidroksiyurea, vidonge vya kumeza. Mwaka wa 2019 muganga wetu Mkongo, Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa, na wenzake wa Angola, Kenya na Uganda, walitangaza matokeo ya kuwapa dawa hiyo watoto 606. Krizi zilipungua, haja ya kutiwa damu ilipungua, vifo vilipungua, hata malaria ilipungua. Dawa hiyo inafuatwa na muganga, kwa kupima damu mara kwa mara. Si ya kununua sokoni. Kuna pia mashine ya kupima mwendo wa damu kwenye ubongo kupitia panja. Tangu 1998 inajulikana kwamba watoto walioonekana hatarini wakitiwa damu kila mara, viharusi vinapungua sana.

7. Sisi tufanye nini hapa shuleni?

(a) Mwenye SS aruhusiwe kunywa maji darasani na kutoka kujisaidia.
(b) Asubui ya baridi ao siku ya mvua, asisimamishwe nje muda mrefu, wala asipewe azabu ya kukimbia ao kulima.
(c) Alale ndani ya chandarua. Homa kwake si ya kungojea mpaka kesho.
(d) Mdomo ukipinda ao mkono ukilegea, alazwe kwa ubavu, asipewe chakula wala kinywaji, apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe.
(e) Mtu asitie maji ya majani machoni mwake.
(f) Anayekaribia kuoa ao kuolewa, apime damu mapema, kabla ya mahari kuzungumzwa. Wafinalisti wenzetu, hapo tunajisemea sisi wenyewe.

Tunamaliza kwa Injili ya Yohana, mlango wa 9. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua zambi ilikuwa ya nani, yake ao ya wazazi. Yesu alikataa yote mawili, halafu akafanya kazi ya kumsaidia. Sisi nasi, kwa wenzetu wenye SS, tuache kutafuta mulozi katika ukoo wao. Kama kuna mmoja katika darasa lako, anza na ile chupa ya maji, na daftari lako la masomo aliyokosa.

Wasimamizi wa wanafunzi,
Darasa la 6, Kibua