Karpi: Samaki wa Mashindano na Maji ya Ziwa Rukwa

Katika nchi nyingi za Ulaya, na hali kadhalika Afrika Kusini, watu hukutana siku za mapumziko kando ya ziwa au bwawa ili kushindana kirafiki katika kumvua samaki aitwaye karpi. Kila mshindani hupewa kwa kura sehemu yake ya ukingo. Kipenga kikilia, ndoana huingia majini. Kikilia tena baada ya saa kadhaa, ndoana zote hutolewa. Samaki walionaswa hukaa hai katika mfuko wa wavu uliozamishwa majini, kisha hupimwa kwa mizani na kurudishwa ziwani. Mwenye jumla kubwa ya kilo ndiye mshindi, na hapana samaki anayepelekwa jikoni.

Kwa mkazi wa Makongolosi, ambaye samaki wa Rukwa humfikia sokoni akiwa amekwisha kaushwa, desturi hiyo yaweza kuonekana kuwa mzaha mtupu. Lakini karpi si samaki wa kudharauliwa. Sifa zilezile zinazomfanya awe mshindani mgumu mbele ya ndoana ndizo zinazomfanya awe mgeni wa kuogopwa katika ziwa lisilo lake, na jambo hilo lawahusu watu wa bonde la Rukwa kuliko mchezo wenyewe.

Karpi, ambaye jina lake la kisayansi ni Cyprinus carpio, asili yake ni Asia na mashariki ya Ulaya. Ana mwili mnene, magamba makubwa, na sharubu nne fupi pembeni mwa kinywa. Mwaka 1952 mvuvi Mwingereza Richard Walker alimnasa mmoja mwenye uzito wa karibu kilo 20; samaki huyo alipelekwa katika bustani ya wanyama ya London, akaishi huko hadi mwaka 1971. Hapa Afrika ya Mashariki jamaa zake tunao: kuyu na ningu ni wa jamii hiyo hiyo, na hata kambale, ingawa hafanani naye kwa sura, ni ndugu yake wa mbali.

Undugu huo unaonekana katika sikio. Mwaka 1820 Mjerumani Ernst Heinrich Weber alieleza mlolongo wa mifupa midogo sana iliyopo nyuma ya kichwa cha samaki wa kundi hili, inayounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Sauti inapopita majini hukitetemesha kibofu, kwa kuwa hewa hubanika kwa urahisi kuliko maji. Mifupa huupokea mtetemo na kuufikisha sikioni. Kwa njia hiyo karpi husikia hadi kiasi cha mitetemo elfu tatu kwa sekunde, ilhali samaki wengi wasio na mifupa hiyo hawasikii vyema hata sauti ya mitetemo elfu moja. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa uchunguzi wake juu ya nyuki, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1923 kuwa kambale mmoja kipofu aliweza kufundishwa kuja kula kila anapopigiwa mluzi. Ndiyo sababu washindani hukemeana wanapokanyaga ukingo kwa kishindo. Hawafanyi hivyo kwa ushirikina.

Ulaji wake ni wa ajabu zaidi. Vipokezi vya ladha, ambavyo kwa binadamu vipo hasa ulimini, kwa karpi vimeenea midomoni, kwenye sharubu, na hata juu ya ngozi ya mwili. Huinamisha kichwa, akasukuma kinywa chake kinachorefuka kama bomba ndani ya tope, na kufyonza kila kilichomo: mchanga, mabuu ya wadudu, konokono, mbegu na majani yaliyooza. Kwenye paa la kinywa chake kuna kiungo laini chenye misuli ambacho huishika chembe ya chakula na kuiacha ya mchanga ipite. Meno hayapo katika taya bali kooni, nayo husaga chakula kwa kukikandamiza kwenye kipande kigumu chini ya fuvu. Tumbo la kuhifadhia chakula hana. Kwa hiyo hula kidogo kidogo, karibu mchana na usiku kutwa.

Basi mvuvi anashindana na mashine ya kuchagua. Chambo huweza kuwa kitu cha kawaida kabisa. Huko Afrika Kusini hutumia donge la unga wa mahindi uliopikwa, yaani ugali. Karpi hukifyonza chambo, huhisi chuma, na kukitema mara moja kabla mshipi haujatikisika. Mnamo mwaka 1980 wavuvi wa Uingereza walibuni hila ya kumshinda: chambo hakichomwi katika ndoana, bali huning'inizwa pembeni yake kwa uzi mwembamba kama unywele. Samaki anapotema, chambo hutangulia kutoka, na ndoana iliyo wazi inayofuata nyuma humshika mdomo. Kipande kizito cha risasi kilichofungwa karibu humalizia kazi, kwa kuwa samaki anaposhtuka na kukimbia hujichoma mwenyewe. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa sheria ya kwanza ya Newton hana haja ya kwenda mbali.

Hila hiyo haifanyi kazi milele. Mholanzi J. J. Beukema, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1970, alionyesha kuwa karpi aliyenaswa mara moja tu na kuachiwa huwa mgumu kunaswa tena kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima. Samaki anakumbuka.

Ugunduzi huu una faida darasani. Tuseme wanafunzi wanataka kujua idadi ya perege katika bwawa la shule. Wanavua samaki 40 kwa ndoana, wanakata ncha ndogo ya pezi la kila mmoja ili iwe alama, na kuwarudisha. Baada ya wiki mbili wanavua 50, na kati ya hao 10 wana alama. Ikiwa sehemu moja ya tano ya samaki waliovuliwa wana alama, basi wale 40 ni sehemu moja ya tano ya wote, na bwawa lina samaki 200. Hesabu ni safi, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba samaki mwenye alama na asiye nayo wananaswa kwa urahisi ule ule. Iwapo walionaswa kwanza wamejifunza kuikwepa ndoana, huenda kati ya wale 50 wakaonekana wanne tu wenye alama. Hesabu ile ile italeta jibu la 500, na wanafunzi watafurahia samaki 300 wasiokuwako. Dawa yake ni kutumia wavu katika uvuvi wa pili. Kosa la namna hii, ambalo halitokani na kujumlisha vibaya bali na tabia ya kiumbe kinachohesabiwa, ndilo gumu kuliko yote kulitambua.

Sasa samaki mwenye masikio kama hayo, mlaji wa kila kitu, mwepesi wa kujifunza, mvumilivu wa maji yenye oksijeni kidogo, na ambaye jike lake hutaga mayai zaidi ya laki moja kwa kila kilo ya uzito wake, akiingia katika ziwa jipya hutokea nini? Jibu limeonekana Kenya. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mdogo mmoja tu wa asili, ambaye amekwisha kutoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliletwa samaki wa Marekani aitwaye basi kwa ajili ya wapenda uvuvi wa burudani, na wengine wakafuata. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilipopita, karpi alionekana ziwani. Yaaminika kuwa alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia yaliyokuwa juu ya mito. Kabla ya mwaka 2006 alikuwa amekwisha kutawala uvuvi wa ziwa zima. Wavuvi hawakulalamika wote, kwa maana samaki wengine walikuwa wamepungua vibaya na karpi aliwapa kilo za kuuza. Ni haki jambo hilo lisemwe. Lakini hakuna aliyemchagua, na hakuna awezaye kumwondoa.

Ziwa Rukwa ni tofauti na Naivasha, na tofauti hiyo haileti faraja. Ni ziwa la kina kifupi, lenye magadi, na halina mto utokao. Ukubwa wake hubadilika mno: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 50 tu, na mwaka 1939 ulikuwa umefika kilomita 128 hivi. Magege wa Rukwa, ambaye jina lake la kisayansi, Oreochromis rukwaensis, limetokana na ziwa hilo, hutaga mayai machache na jike huyatunza kinywani mwake. Njia hiyo ya malezi imefaa kwa ziwa linalopanuka na kunywea, lakini kwa wingi wa mayai haiwezi kushindana na karpi.

Tena kuna tope lenyewe. Mto Lupa na vijito vyake hupita katika nchi ya dhahabu ya Chunya, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu. Zebaki inayopotea hushikamana na udongo na kuchukuliwa na maji. Sehemu kubwa hutulia chini, na huko bakteria wanaweza kuigeuza iwe namna ya zebaki inayoingia kwa urahisi katika miili ya viumbe, ikapanda kutoka mdudu hadi samaki, na kutoka samaki hadi mlaji. Kiumbe ambaye kazi yake ni kulifukua tope usiku na mchana hatakiwi mahali kama hapo.

Wanaochimba mabwawa ya samaki kandokando ya vijito vya Makongolosi wafuge perege na kambale wa bonde lao, na kingo za mabwawa ziinuliwe kupita alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee. Kifaranga mmoja wa karpi hupita mahali ambapo kidole cha mtoto hupita, na mayai yake hunata juu ya majani ya majini, yakasafiri na jani.