Mama amejifungua salama, lakini moyo wake ukoje?

Siku ya kliniki mama anatoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni, anashuka bonde na kupanda mlima hadi kwenye zahanati. Akifika, mtoto anapimwa uzito na kupewa chanjo. Mama mwenyewe, alipokuwa mjamzito, alipimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo na virusi vya UKIMWI. Yote yameandikwa kwenye kadi. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi: mama, moyo wako ukoje?

Katika makala haya tunaeleza kwa nini swali hilo ni la afya kama yalivyo maswali mengine, utafiti umegundua nini kuhusu kumsaidia mama na kijana mwenye mzigo wa mawazo, na sisi wa milima ya Usambara tunaweza kufanya nini.

Mambo matatu yasichanganywe

La kwanza ni machozi ya siku za mwanzo. Mama wengi baada ya kujifungua hulia bila sababu, hukasirika upesi au huona hofu. Hali hii huanza siku chache baada ya kujifungua na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Anachohitaji mama ni usingizi, chakula, na watu wa kumpokea mtoto ili naye apumzike.

La pili ni sonona. Hapa huzuni haiondoki. Wiki mbili zinapita, mwezi unapita, na mama bado hana furaha na jambo lolote. Hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala. Anajiona hafai kuwa mama. Wengine hufanya kazi zote kama kawaida, shambani na jikoni, kwa hiyo jirani hajui kitu. Sonona inaweza kuanza hata kabla ya kujifungua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza.

La tatu ni nadra, mama mmoja au wawili kati ya 1,000, lakini ni la dharura. Ndani ya siku au wiki chache baada ya kujifungua mama anachanganyikiwa: halali kabisa, anasikia sauti, anaongea yasiyoeleweka, au anaamini mtoto si wake. Huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asifungwe kamba, asipigwe, na asiachwe peke yake na mtoto. Wakati mwingine chanzo ni homa ya maambukizi au kifafa cha mimba, na hayo nayo huua yakicheleweshwa.

Si uvivu, si kukosa shukrani

Watu wanasema: "Amezaa salama, mume yupo, analia nini?" Majibu mengine tunayapata kwa majirani zetu wa Moshi. Watafiti waliwafuatilia wanawake 1,013 tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Karibu 12 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za sonona. Wale waliofanyiwa ukatili na mwenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi zaidi ya wengine kupata dalili hizo. Kipigo, matusi na kulazimishwa vinabaki moyoni hata jeraha likipona.

Mtoto naye anaathirika. Tafiti kutoka nchi mbalimbali zinazoendelea, zilipowekwa pamoja, zilionyesha kwamba watoto wa mama wenye sonona wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito pungufu au kudumaa. Si kwamba mama hampendi mwanawe. Mtu asiye na nguvu ya kuamka hata kuoga, atapata wapi nguvu ya kunyonyesha kila mara, kupika uji, na kupanda mlima kwenda kliniki?

Maswali kumi tu

Watafiti wa Moshi hawakutumia mashine. Walitumia maswali kumi yaliyotungwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1987, ambayo yametafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mama anaulizwa kuhusu siku saba zilizopita: ameweza kucheka? Amejilaumu bila sababu? Amekosa usingizi kwa huzuni? Amewahi kufikiria kujidhuru? Kila jibu lina alama. Alama zikiwa nyingi haina maana kwamba mama ana ugonjwa kwa hakika. Ina maana akae na mhudumu azungumze zaidi. Ni kama chekecheo, si hukumu.

Nani atamsaidia, wakati madaktari wa akili ni wachache?

Hilo ndilo swali gumu. Mabingwa wa magonjwa ya akili nchini wako hasa kwenye hospitali kubwa za mijini. Je, mama wa Mtae au Mlola amsubiri bingwa?

Pakistani walijaribu njia nyingine. Vijijini karibu na Rawalpindi, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa vijiji vile vile, walifundishwa kuzungumza na mama wajawazito wenye sonona na kuendelea nao baada ya kujifungua. Waliwasaidia kutambua mawazo yanayowavunja moyo na kuyabadilisha kidogo kidogo, kujitunza, kucheza na mtoto, na kuomba msaada nyumbani. Jumla walikuwa mama 903. Nusu yao hivi walipata mazungumzo hayo. Wengine walitembelewa mara zile zile, lakini bila mazungumzo hayo. Mtoto alipofika miezi sita, kati ya kila mama 100 waliozungumza, 23 ndio waliokuwa bado na sonona. Upande wa pili walikuwa 53. Urefu na uzito wa watoto haukutofautiana, lakini watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Matokeo haya yalitoka mwaka 2008, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo ili nchi nyingine ziutumie.

Zimbabwe nako, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, anamsikiliza, kisha wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Kishona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni jirani kabisa na sisi tunavyosema "ana mawazo". Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita, 14 kati ya kila 100 waliokaa na bibi walikuwa na dalili za sonona, ukilinganisha na 50 kati ya kila 100 waliopata huduma ya kawaida.

Utafiti unaoingia kwenye zahanati

Je, tuchukue benchi la Harare tuliweke Soni? Hapo ndipo unapohitajika utafiti tumizi, yaani utafiti unaouliza: jambo hili linalojulikana kufanya kazi kwingine, litafanya kazi kwetu vipi?

Milima hii inaujua utafiti wa aina hiyo. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti waliokuwa Amani na Muheza walifanya kazi na wanavijiji kuhusu vyandarua vilivyotiwa dawa. Kwamba dawa inaua mbu ilikuwa inajulikana. Swali likawa: vikitundikwa katika nyumba za kweli za wakulima, kijiji kizima, malaria itapungua? Leo chandarua kipo nyumbani kwako kwa sababu watu wa vijijini walishiriki kujibu swali hilo.

Na kuhusu magonjwa ya akili, Usambara ina historia ndefu. Lutindi, upande wa Korogwe, palianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 pakawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, pa kwanza kabisa Afrika Mashariki. Hospitali hiyo ipo hadi leo, na wagonjwa hufanya kazi za mikono na za shambani kama sehemu ya tiba. Lakini wengi hufika hospitali ya aina hii hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Mama mwenye sonona anahitaji kusaidiwa mapema, karibu na kwake.

Kwa hiyo maswali yetu ni haya. Zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni ndefu, nani atauliza yale maswali kumi: muuguzi, mhudumu wa afya wa jamii, au bibi anayeheshimika kitongojini? Atauliza kwa Kiswahili au kwa Kisambaa? Mazungumzo yatafanyika wapi ili wifi na mama mkwe wasisikie? Baba aliyekwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki atahusishwaje? Majibu hayawezi kutoka Harare wala Dar es Salaam. Yatatoka kwa mama wenyewe, wakiulizwa.

Na mtafiti akija kijijini kwako, jua haki zako. Utafiti wa afya lazima uwe na kibali cha maadili, na kwa Tanzania bara taasisi kuu inayosimamia ni NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Una haki ya kuelezwa, kuuliza, kukataa, na hata kujitoa katikati. Ukikataa, huduma yako haipunguzwi. Siri zako zinalindwa.

Vijana nao

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Kwetu, binti wa umri huo anaweza kuwa ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au amerudi akiwa mjamzito. Huyu ni mtoto na ni mama kwa wakati mmoja. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Familia ikimwambia kuwa maisha yake hayajaisha, tayari imeanza tiba.

Mkoani Arusha, walimu wa sekondari walifundishwa kuhusu afya ya akili, na watafiti wakaona kwamba uelewa wao uliongezeka na unyanyapaa ukapungua. Mradi huo ulitumia pia vipindi vya redio kwa vijana. Hilo linatukumbusha nasi wa redio wajibu wetu.

Unachoweza kufanya wiki hii

Baba, muulize mkeo amelalaje, kisha umsikilize bila kumkatiza. Mchukue mtoto saa moja ili mama apumzike.

Bibi, shangazi, mama mkwe, msiseme "sisi tulizaa kumi na hatukulia". Semeni "pole, tuko pamoja".

Mama, ukiona wiki mbili zimepita na giza halijaondoka, mwambie muuguzi siku ya kliniki kama unavyomwambia kuhusu homa. Mazungumzo husaidia wengi. Dawa zikihitajika, zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia kwa ushauri wa daktari. Usiziache mwenyewe ghafla.

Mtu akisema anataka kufa, mwamini. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya. Na sisi wakulima wa mboga, dawa za kunyunyizia kabichi na nyanya zifungiwe kwa kufuli, ufunguo uwe kwa mtu mwingine.

Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kwa maswali ya afya. Namba 116 ni bure kwa mtoto au kijana mwenye shida, na kwa yeyote anayetaka kumsemea mtoto.

Na siku ya kliniki ijayo, kama hakuna aliyekuuliza moyo wako ukoje, mwambie wewe. Hata kama kadi haina nafasi ya kuliandika hilo, muuguzi ana masikio.