Kadari haifuti dhamana ya tabibu

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunapenda kulizungumza jambo ambalo aghalabu huishia kunong'onwa matangani: mgonjwa anapodhurika au kufariki kwa uzembe wa aliyemtibu.

Neno la mwanzo husemwa kuwa ni kadari ya Mungu. Ni neno la haki, kwani ajali ya kila nafsi imekwisha kuandikwa. Kosa ni kulifanya pazia la kufunikia haki ya aliyedhurika. Aliyechomwa kisu naye amekufa kwa ajali yake, na bado sheria ya Kiislamu haimwachii muuaji.

Mafundisho ya Mtume

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, hubeba dhamana ya madhara yake. Aidha, Abu Daud amepokea kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia kuwa hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali waliotoa fatwa bila ya elimu, akaeleza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameyapambanua haya katika Zad al-Maad. Tabibu hodari aliyepewa ruhusa, akaitimizia kazi haki yake na mkono wake usikosee, hadhamini hata mgonjwa akifa. Asiye na elimu aliyemhadaa mgonjwa, anadhamini. Na hodari ambaye mkono wake umeteleza ukaharibu kiungo kizima, naye anadhamini ingawa hakukusudia. Tuzingatie hapa: dhamana si adhabu ya dhambi, bali ni fidia ya aliyedhurika.

Sheria ya nchi

Nchini Tanzania madai haya huamuliwa kwa sheria za nchi, wala si kwa diya. Mdai hutakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba tabibu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba aliukiuka, kwamba yapo madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na ukiukaji ule. Kipimo mashuhuri kilitoka Uingereza katika shauri la Bolam la mwaka 1957: je, tabibu alitenda kama ambavyo madaktari wenye ujuzi wa fani ile wangeona ni sawa? Kwa hiyo si kila mauti ya hospitali ni uzembe.

Lakini yapo makosa yasiyohitaji mjadala mrefu. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, aliyepaswa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, alipasuliwa ubongo mgonjwa asiyehitaji upasuaji huo. Fomu ya ridhaa wanayotia saini wagonjwa haihalalishi mambo ya namna hii. Aliyeridhia upasuaji hakuridhia uzembe.

Maiti na ushahidi

Hapa ndipo familia zetu hupata mtihani. Dini inatuhimiza kuharakisha mazishi, na maiti ana heshima yake. Lakini ushahidi mara nyingi huzikwa pamoja naye. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu uchunguzi wa maiti pale penye haja ya kujua sababu ya kifo katika tuhuma za jinai. Basi familia yenye shaka ya kweli imuulize mwanachuoni na kutoa taarifa polisi kabla ya kuzika, si baada ya arobaini.

La pili, tuhifadhi karatasi: cheti cha hospitali, majibu ya vipimo, risiti za dawa, tarehe na majina ya waliohudumu. La tatu, malalamiko yaanzie kwa uongozi wa hospitali. Kwa Tanzania Bara, mwenendo wa daktari unaweza kupelekwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika. La nne, tusichelewe. Madai ya aina hii Tanzania Bara yana ukomo wa miaka 3, na anayetaka kuishitaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Ni vyema kumuona wakili mapema.

Pamoja na hayo, tumche Mungu katika kutuhumu. Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Daktari aliyekesha akijitahidi halipwi kwa matusi mlangoni mwa wodi. Na familia ikishaijua haki yake, kusamehe ni jambo la fadhila. Ila asamehe kwa hiari yake mwenye haki, wala asilazimishwe na wazee wanaoogopa maneno ya watu. Haki ya yatima aliyeachwa na marehemu haisamehewi na baba mdogo.

Wabillahi tawfiq.